Fizi zinatoka damu mwaka wa tatu, meno ya chini yameanza kucheza: nikasafishwe au ndiyo yatang'oka yote?

Fundi Randa

Wakuu habari za jioni. Mimi ni seremala, nipo Morogoro, umri miaka 41. Naomba ushauri kwa anayejua, maana huku niliko kila mtu ana lake.

Miaka kama mitatu nyuma nilianza kuona povu la mswaki limekuwa la pinki. Nikapuuza. Nikabadilisha mswaki, nikanunua dawa ya meno ya bei mbaya, wapi. Mwisho nikawa naogopa kugusa zile sehemu zinazotoka damu, napiga mswaki upande mmoja, kwingine napitisha maji tu. Mwezi uliopita nilikuwa nakula hindi la kuchoma pale Msamvu stendi, nikaliangalia nikakuta punje zimelowa damu. Kijana muuza mahindi aliona, akajifanya anapepea mkaa. Nililitupa kwa aibu.

Sasa hivi meno mawili ya mbele, chini, yanacheza nikiyasukuma kwa ulimi. Asubuhi mdomo unanuka. Mama watoto hasemi kitu, ila siku hizi analala amegeukia ukutani.

Nimeshameza Flagyl na amoksilini mara tatu kutoka duka la dawa. Kila nikimeza napata nafuu wiki mbili, halafu inarudi pale pale. Jirani anasema ni kiseyeye, nile machungwa. Kliniki moja ya meno wakaniambia nina ukoga mwingi, wausafishe kwa elfu sitini. Nilishakubali, shemeji yangu akanizuia. Yeye alisafishwa, wiki iliyofuata meno yakaanza kucheza na kupitisha upepo. Anasema wale wanakwangua jino lenyewe ili baadaye urudi kung'oa.

Ni kweli kusafisha kunalegeza meno? Na hii kitu inaletwa na nini hasa? Kaka yangu anapiga mswaki akikumbuka, na meno yake ni kama ya punda.

Nawasilisha.

Mtoto wa Kichangani

Kunuka mdomo na kugeukiwa ukutani ni kesi mbili tofauti mkuu, chunguza vizuri. Natania, pole sana.

Nguvu Kazi

Flagyl inatibu, wewe unaacha dozi katikati. Meza siku zote, usiguse bia. Mimi nilipata vidonda kwenye fizi, ghafla tu, maumivu siwezi kuongea, harufu kama panya kafia ndani. Siku ya tatu ya Flagyl nikawa mtu. Hizo kliniki ni biashara.

Bi Mwanaidi

Mwanangu pole. Sisi huku Tanga tulikuzwa na mswaki wa mti, ule wenyewe, siyo huu wa plastiki ulioiba jina. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na usiku. Likiuma, tafuna karafuu. Na machungwa ya Muheza hayajawahi kumdhuru mtu.

Gego la Mwisho

Natibu meno hospitali ya wilaya, huu mwaka wa kumi na nne. Bi Mwanaidi shikamoo, nitakufikia.

Fundi, sehemu inayotoka damu ndiyo inayodai mswaki kuliko zote. Wewe umefanya kinyume, na karibu kila anayekaa kwenye kiti changu amefanya hivyo hivyo, kwa hiyo usijilaumu. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio dogo ambalo sisi wote tulilisoma darasani. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha kinywa. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa wameshavimba fizi. Waliporudia mswaki, wiki moja hivi zikapoa. Hapakuwa na kidonge wala chungwa. Kisa kilikuwa ule utando laini unaouhisi kwa ulimi ukiamka. Ni bakteria wamejenga mji.

Kuhusu machungwa: kiseyeye cha kweli kipo, ni upungufu wa vitamini C. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi ikapewa kitu chake, na waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi. (Kumi na wawili tena, sijui fani yetu ina nini na hiyo namba.) Ila wale walikuwa wamekaa baharini muda mrefu bila tunda wala mboga. Wewe upo Morogoro, mchicha na maembe vinakupita mlangoni. Mtaani tunaita kila fizi inayotoka damu kiseyeye, na jina hilo limewapeleka wengi sokoni badala ya hospitali.

Nguvu Kazi hajadanganya, ila aliumwa ugonjwa mwingine. Vidonda vya ghafla vya fizi, vyenye maumivu na harufu kali, kweli vinaisikia Flagyl. Iligunduliwa kwa bahati huko Uingereza: mwanamke alipewa metronidazoli (ndiyo Flagyl hiyo hiyo) kwa maambukizi ya ukeni, na fizi zake zilizokuwa na vidonda zikapona pamoja. Hiyo ilichapishwa 1962. Ugonjwa wa Fundi ni wa polepole. Bakteria wake wamejipanga tabaka kwa tabaka juu ya ukoga, chini ya fizi, na dawa ya kumeza haiwezi kuubomoa mji huo. Inapunguza kelele wiki mbili, wanajenga upya. Wapo wagonjwa ninaowapa antibiotiki, lakini pamoja na kukwangua, siyo badala yake.

Ukoga ni utando uliogeuka jiwe kwa chumvichumvi za mate. Unaanzia sana nyuma ya meno ya mbele ya chini kwa sababu mate yanamwagikia pale, na ndiyo maana yako yameanza hapo. Fizi inaachana na jino, unatokea mfuko. Tunaupima kwa kifimbo chembamba chenye alama za milimita: 1 mpaka 3 sina wasiwasi, 4 kupanda naanza kuangalia mara mbili. Ndani ya mfuko mwili unapigana na wale wageni, na katika kupigana huko unaula mfupa wake wenyewe ulioshika jino. Hili ndilo linalowashangaza watu nikiwaeleza. Bakteria wanachokoza, anayebomoa nyumba ni mwenye nyumba.

Sasa shemeji. Alichokiona ni kweli, sababu ndiyo kakosea. Wewe ni fundi. Stuli imelegea miguu, mtu akashindilia gundi na unga wa mbao kwenye maungio, itasimama. Wewe ukaikwangua ile gundi chafu ili uitengeneze, stuli ikacheza mkononi mwako. Patasi ndiyo iliyolegeza miguu? Ukoga mwingi unayashikanisha meno. Ukitoka, unaona yalivyokuwa tangu zamani. Upepo unaopita ni kwa sababu fizi iliyovimba imenywea. Meno yatashtuka na maji baridi wiki kadhaa, kisha mengi hukaza kiasi. Mfupa ulioliwa usitegemee urudi wenyewe.

Bi Mwanaidi, mswaki wa mti sina ugomvi nao, hata Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1987. Tatizo la Fundi limeshavuka mswaki wowote. Jiwe halipigwi mswaki.

Wa Kangundo

Niko upande wa Machakos. Daktari, nyanya yangu alikufa na miaka themanini na kitu, hajawahi kuguza Colgate, meno yamejaa hiyo jiwe ya manjano kila mahali, na alikuwa anatafuna mahindi kavu bila shida. Sasa huyo naye tuseme nini?

Gego la Mwisho

Umetaja Machakos, umenichokoza. Watafiti Baelum, Fejerskov na Manji walipima watu 1131 wa wilaya hiyo hiyo, wenye miaka 15 hadi 65, wakachapisha mwaka 1988. Ukoga na fizi zinazotoka damu walivikuta karibu kila kinywa, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache. Kabla ya hapo wengi kwenye fani yetu waliamini kila fizi iliyovimba itaishia kudondosha meno.

Löe huyo huyo aliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka kuanzia 1970 hadi 1985. Hawakuwa na mswaki wala daktari. Asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, asilimia 81 ulikwenda taratibu, asilimia 11 haukusonga zaidi ya fizi kuvimba. Uchafu ule ule, hatima tatu. Nyanya yako huenda alikuwa mtu wa kundi kama hilo la 11, na kaka yake Fundi pia. Bahati haigawiwi sawa hata kwa watoto wa tumbo moja.

Ila kuna vitu vinavyokusukuma upande mbaya mbali na urithi. Sigara, na hiyo ina ujanja wake, maana mvutaji fizi zake hazitoi damu sana hata zikiwa zimeoza, kwa hiyo hashtuki. Na kisukari. Fundi, unavuta? Umewahi kupima sukari?

Fundi Randa

Sigara niliacha zamani. Sukari sijawahi kupima. Marehemu mama alikuwa nayo. Halafu mkuu, sasa hivi usiku naamka kukojoa mara tatu, nne, nilidhani ni umri.

Gego la Mwisho

Kesho asubuhi kabla ya chai nenda kapime. Hata kabla ya meno.

Mama Pacha

Samahani kuingilia uzi. Mume wangu fizi zimeota, zimepanda juu ya meno kama kinyama, hazimuumi. Anameza amlodipini ya presha mwaka wa pili. Kuna uhusiano?

Gego la Mwisho

Upo. Dawa za presha za kundi hilo, hasa nifedipini, na fenitoini ya kifafa, zinaweza kukuza fizi kwa baadhi ya watu, zaidi pale penye utando. Asiache dawa kwa kusoma hapa! Presha inaua, fizi inasubiri. Arudi kwa aliyemwandikia waangalie kumbadilishia, na meno yasafishwe.

Kalamu Butu

Daktari, hiyo ya kwamba ukitibu fizi sukari inashuka, mbona watu wanaitangaza kama tiba? Marekani walifanya utafiti kwa watu 514, ukatoka 2013, walitibiwa fizi na sukari haikushuka.

Gego la Mwisho

Kweli kabisa, na ulituchanganya. Mwaka 2018 London wakatibu kwa nguvu zaidi, kwa wagonjwa 264 wakifuatiliwa mwaka mzima, na sukari ikashuka. Mapitio ya 2022 ya Cochrane, kundi la watafiti wanaojumlisha tafiti za wengine, yalikusanya tafiti 35, wakaona kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinapungua kwa kama asilimia 0.43. Ni punguzo dogo. Halimwondoi mtu kwenye dawa, na anayekuuzia hivyo mkimbie. Upande wa pili ndio hauna ubishi: sukari ikiwa juu, fizi zinaharibika upesi na zinapona kwa shida. Mimi siwezi kumtibu Fundi fizi huku sukari ikimwagika.

Nguvu Kazi

Sawa daktari, nimekubali nusu. Ila elfu sitini ni hela.

Fundi Randa

MREJESHO. Samahani kwa kimya cha wiki tano.

Sukari kabla ya kula ilikuwa 9.8. Wakarudia siku nyingine, 9.4. Nimeanzishiwa metformini, dawa ya sukari. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwaza mama, sitaki kulieleza sana.

Meno nimesafishwa mara mbili, upande huu kisha ule, kwa ganzi. Kabla ya kuanza, daktari alikuwa anachomeka kile kifimbo na kumsomea nesi namba: "tatu, tatu, sita, saba." Baada ya kusoma huu uzi, ile saba niliisikia tumboni. Mashine inalia kama msumeno wa jirani. Aliponionyesha vilivyotoka kwenye kibakuli nikaomba nivishike. Vyeusi kwa kahawia, vigumu kama kokoto, kimoja kina umbo la nyuma ya jino kabisa, kama kimechongwa. Hicho nimekaa nacho miaka.

Kesho yake meno yalicheza kuliko mwanzo, maji ya kawaida yananipiga kichwani. Shemeji alipiga simu kunicheka. Nikamweleza ya stuli, akasema mafundi wote lugha moja. Wiki ya tatu povu likaanza kuwa jeupe. Yale mawili ya chini wameyafunga kwa waya mwembamba upande wa ulimi, daktari kasema tutayaangalia, hajaahidi. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini nilitumia wiki mbili tu, wamenikataza kuzidisha kwa sababu inapaka meno rangi. Narudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu.

Jana nilipita Msamvu, yule kijana bado yupo. Nikanunua hindi. Sijaruhusiwa kung'ata kwa mbele, nikawa napukuchua kwa vidole, natupia magegoni. Halikuwa na damu.

Nimebaki na swali moja: mswaki mdogo wa kupitisha katikati ya meno unapatikana wapi kwa Moro? Nimezunguka maduka ya dawa manne, wananipa vijiti vya kuchokonolea.

Bi Mwanaidi

Alhamdulillahi mwanangu. Sukari usiifanyie mchezo.

Mtoto wa Kichangani

Hongera mkuu. Na ile kesi ya ukutani?

Fundi Randa

Kageuka nusu. Sasa analalamikia kukoroma.