Naomba ushauri: usiku 2 Chumbe na mtoto, mke hajui kuogelea

Mtembezi_Ubungo
Wakuu, heshima kwenu. Tunapanga kulala usiku 2 kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, mwezi wa Desemba: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 8. Tunatokea Dar. Mke hajui kuogelea na huvaa hijabu. Nimesikia hakuna choo cha kuvuta maji, hakuna feni wala AC, na maji ni ya kupima. Naomba kujua tarehe zipi nichague, choo kile kinatumikaje bila kunuka, tubebe nini, na asiyejua kuogelea atafaidi nini kule.

Nahodha_Kusi
Karibu sana Unguja. Kabla hujaangalia bei, angalia mwezi.

Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa huku hufika mita 3 hadi 4. Siku hizo maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Sasa boti ya wageni huvuka asubuhi. Maana yake mtafika mwamba ukiwa wazi, boti itasimama mbali, mtashukia majini na kutembea juu ya mawe mkiwa na mizigo. Kuogelea mtasubiri hadi alasiri.

Maji mafu ni kinyume chake. Maji hujaa asubuhi, saa 4 au 5, tofauti ni kama mita 1 tu na mkondo ni mpole. Kwa mtoto na shemeji asiyejua kuogelea, chagua hayo. Hesabu ya haraka: tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, za mwezi wa Kiislamu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku ya pili na ya tatu usishangae ratiba ikisogezwa.

Usafiri: feri ya kwanza kutoka Dar huondoka saa 1 asubuhi na hutumia kama saa 2. Ikichelewa kidogo tu boti itawaacha. Laleni mjini usiku mmoja kabla. Desemba bahari huwa ya vuguvugu na kaskazi ndiyo inaanza. Wakati wa masika usiwaze, kisiwa hufungwa kwa wageni wiki kadhaa.

Fundi_Birika
Nijibu la choo na maji, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea, na ukijua sababu hutakosea.

Chumbe ni maweni matupu. Hakuna kisima cha maji baridi, na jiwe lenyewe lina vitundu kama sifongo. Ukijenga choo cha shimo au cha kuvuta, kinyesi kinapenya jiwe na kufika baharini bila kuchujwa. Nitrati na fosfati zilizomo hulisha mwani, na mwani hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Ndiyo maana mabanda yote 7 ya wageni yamejengwa yajitegemee: paa kubwa hukinga mvua, maji hupita kwenye chujio la mchanga na kokoto, huingia kwenye birika chini ya sakafu, kisha hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa na jua. Maji uliyooga huishia kwenye kitanda cha mimea inayonyonya zile nitrati na fosfati.

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakinga lita 1,000, na hapo hujatoa zinazopotea. Bomba la kuogea la kawaida likiachwa wazi hula kama lita 10 kwa dakika. Kwa hiyo jilowesheni, fungeni, pakeni sabuni, kisha fungueni kusuuza. Lita 10 hadi 15 zinamtosha mtu mzima. Sabuni iwe ya kawaida, ndogo, isiyo na dawa ya kuua bakteria, kwa sababu hiyo dawa huua pia vijidudu vinavyosafisha maji kwenye ile mimea.

Choo sasa. Kinafanya kazi kama lundo la mboji: bakteria wanaohitaji hewa hula kinyesi wakipewa majani makavu. Baada ya haja kubwa mwaga kopo moja la mchanganyiko wa majani ulioko pembeni, funika kifuniko, basi. Kifuniko kikiachwa wazi, bomba la hewa halivuti harufu kwenda juu, inarudi kwako. Usitie dawa ya choo, pedi wala tishu zenye unyevu. Hizo zifungeni kwenye mfuko wa kitambaa mrudi nazo mjini.

La muhimu kwa sisi Waislamu ni istinja, yaani kujisafisha kwa maji baada ya haja. Lundo likilowa sana hewa hukosa nafasi, wanaingia bakteria wasiohitaji hewa, na hao ndio wanaonuka. Anza na karatasi, kisha maji kidogo, nusu lita au pungufu, kwa kopo na si kwa mpira. Ukifika muulize mfanyakazi maji hayo yaelekezwe wapi, hakuna aibu, wao wenyewe ni watu wa hapa. Harufu ikianza, makopo mawili ya majani na kifuniko kifungwe.

Mtembezi_Ubungo
Fundi, shukrani sana, la istinja sikuwa nimeliwaza kabisa. Vipi mavazi ya mke majini, na mafuta ya jua? Mtoto ana ngozi nyepesi kuungua.

Binti_Fungu
Shemeji avae suruali nyembamba ya kubana, blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa cha kuogelea na kofia yake inayofunika nywele. Baibui na khanga aziache bandani: zikilowa ni nzito, hujizungusha miguuni na kunasa kwenye matumbawe. Mtoto naye mvishe mikono mirefu, hapo mafuta yatabaki ya uso, shingo na nyuma ya miguu tu. Soma kopo: kama kuna oksibenzoni au oktinoksati, kemikali zinazodhuru matumbawe, liache nyumbani. Chukua ya zinki, mpake dakika 20 kabla ya kuingia majini.

Asiyejua kuogelea anaona mwamba vizuri tu. Avae jaketi la kuokolea, ashike boya, mwongozaji analivuta. Kazi yake ni kutazama chini na kupumua taratibu kwa mdomo. Afanye mazoezi kwanza maji yakiwa kifuani, juu ya mchanga. Miwani ijaribuni hivi: iwekeni usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika yenyewe inafaa. Ikivuja, kwanza angalia unywele uliobanwa au ukingo wa hijabu ulioingia chini ya mpira, hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Ukungu? Mate ndani ya kioo, suuza mara moja.

Jambo ninaloliomba kwa moyo wote: asisimame mtu juu ya tumbawe. Yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Mtu akitaka kurekebisha miwani alale chali, jaketi litambeba. Mapezi ya kuvaa miguuni nayo yapigwe kutoka nyongani, miguu ikiwa nyuma. Ukisimama wima majini ncha zake zinavunja matawi bila wewe kujua. Maji juu ya mwamba yakiwa chini ya mita 1, toka. Na msiguse wala kuokota kitu, hata kombe tupu, kaa wadogo huhamia humo. Mwamba wa magharibi umehifadhiwa tangu 1994 na hata kabla ya hapo uvuvi haukuruhusiwa, ndiyo maana una zaidi ya aina 400 za samaki. Kuzamia kwa mitungi mgeni haruhusiwi.

Mkaazi_Mbweni
Nampinga Nahodha kidogo. Maji mafu ni sawa kwa kuogelea, lakini bamvua ndiyo inayofunua uwanda wa pwani, na mtoto wa miaka 8 atafurahi huko kuliko majini. Kama mnaweza kulala usiku 3, kamateni ukingo wa vyote viwili.

Viatu: vya kufunga kisigino, soli ngumu. Njia za msituni ni jiwe lenye ncha, ndala hazifai. Usiku tokeni na tochi za kichwani kila mtu yake, mkawatazame wale kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopasua nazi. Wanafika kilo 4. Msiache viatu wala chakula nje, wanabeba. Msituni kuna paa nunga pia, wanyama adimu, tembeeni kimya. Mnara wa taa ni wa 1904, ngazi ni zaidi ya 130, pandeni jioni jua likiwa limelegea.

Umeme wa bandani ni wa jua, kwa ajili ya taa. Betri ya akiba ya mAh 20,000 inachaji simu ya kawaida mara 2 hadi 3. Joto msiliogope, upande wa mbele wa banda hushushwa upepo wa bahari ukaingia moja kwa moja. Mifuko ya plastiki msibebe, imepigwa marufuku Zanzibar. Ukiweka nafasi uliza bei ya wakazi, na mfahamu kuwa bei huwa na boti, chakula na waongozaji ndani yake, msiilinganishe na hoteli ya kitanda na chai.

Nahodha_Kusi
Mkaazi, kwa usiku 3 nakubali. Waanze na mwisho wa maji mafu, maji ya kuelekea bamvua yawakute mwishoni, mtoto akiwa ameshazoea.

Niongeze dawa. Kisiwani hakuna zahanati, basi bebeni dawa zenu zote pamoja na za siku 2 za ziada, kwa sababu upepo ukichachamaa boti haivuki. Mtu akichomwa na samaki jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, karibu nyuzi 45, kati ya dakika 30 na 90, na boti iitwe hapohapo. Mwenyewe apime joto la maji kwa mguu usioumia, ule uliochomwa hausemi kweli. Michubuko ya matumbawe isuguliwe kwa maji safi na sabuni siku ileile hata kama ni midogo, vumbi la tumbawe likibaki ndani kidonda hakifungi.