Jamani ushauri: binti wa dada yangu arudi form two au nimuweke cherehani?

mama_mdogo_AR
Habarini za jioni wakuu. Mimi niko Ngaramtoni hapa Arusha, nauza nguo. Dada yangu ameolewa Longido, ndani kabisa sio barabarani, kutoka lami mpaka kwao ni pikipiki na ukiikosa ni mguu. Ana binti wa miaka 16 alikuwa shule ya kata akasimama form two. Shule ni mbali, anatoka hakujapambazuka anarudi giza, na ukame ukikolea mama yuko kwenye kutafuta maji wanaume wamehama na ng'ombe, anayebaki na wadogo ni yeye. Sasa hivi yuko kwangu tangu mwezi wa tatu. Nawaza arudi shule au akae kwa fundi ajifunze cherehani apate kitu mkononi mapema. Kichwa anacho, hesabu alikuwa anamzidi kaka yake. Silali kwa mawazo. Nishaurini, msinitukane tu.

Boda_Sakina
Cherehani dada yangu wala usijiulize mara mbili. Wife ni fundi, mwezi wa sare za shule hata kula anasahau. Hao form four tunao hapa kijiweni, tunapakia nao abiria.

Kibosho_Juu
Boda usimpoteze mwenzio. Mimi nimekulia Kibosho, sisi tulikuwa saba, wasichana wanne. Pesa ya kahawa ikichelewa baba anatuita sebuleni anasema wavulana watangulie shule, nyie mtafuata pesa ikija. Dada yangu mkubwa alifuata miaka yote, hakufika. Na ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi wote, leo anatuhesabia michango ya ukoo bila kalamu na hakosei hata shilingi. Mama alivyoona hivyo akaanza kuuza ndizi zake mwenyewe barabarani Moshi bila kumwambia mtu ndio mimi nikasoma. Kwa hiyo mtu akiniambia cherehani inatosha nakasirika, samahani, sijajibu vizuri swali lako lakini imeniuma.

mwl_wa_kata
Mama mdogo, mimi nafundisha sekondari, naomba nikuulize. Ada form one mpaka four ilifutwa tangu Januari 2016, kilichobaki ni sare, madaftari na mchango wa chakula, kwa hiyo ada sio tatizo. Umbali nao ulikuwepo tangu form one na alienda. Sasa katikati ya form two kulitokea nini? Aliacha mwezi gani?

mama_mdogo_AR
Mwezi wa nne mwaka jana. Ni mambo ya kifamilia tu mwalimu. Halafu niseme ukweli fundi nimeshampa nusu ya ada yake, alikuwa na nafasi moja.

mwl_wa_kata
Mambo ya kifamilia yapi mama? Sikuchimbi, ila jibu langu linategemea hapo.

Neema ya Jioni
Pesa umeshalipa halafu unaomba ushauri? Wazazi wa siku hizi tunakimbilia njia fupi. Mtoto wa kike alelewe kwa maombi na kwa karibu, ukimwachia mji utamla.

mama_mdogo_AR
Haya. Ana mtoto. Wa miezi minane, wa kiume, analala chumbani kwangu. Aliondoka shule tumbo lilivyoanza kuonekana, hakuna aliyemfukuza, alijiondoa mwenyewe kwa aibu. Ndio maana nasema cherehani, atakaaje darasani na watoto wa miaka 14 maziwa yanamtoka? Watu mnaongea shule shule, hamjui akipita sokoni anavyoangaliwa. Kwa fundi anaweza kwenda na mtoto.

Kibosho_Juu
Pole sana mwanangu. Pole na kwake.

mwl_wa_kata
Asante kwa kusema, sasa tunaweza kuongea. Kabla ya 2021 ukipata mimba ukiwa shule ya serikali ndio basi tena, niliona wasichana wanaondoka na begi na hakuna la kufanya. Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Ndalichako, akatangaza wanaruhusiwa kurudi, ukatoka waraka, na utaratibu unampa miaka miwili ya kurudi kwenye shule ya kawaida. Yeye aliacha mwezi wa nne mwaka jana, muda bado anao lakini unakatika. Na sio lazima shule ile ile, mnaweza kuomba ahamishiwe huku. Njia ya pili ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, wamekuwa na mpango wa wasichana walioacha sekondari, chini ya mradi wa serikali wa kuboresha sekondari unaoitwa SEQUIP, masomo ya miaka minne yanafupishwa kuwa miwili, kuna mtihani wa maarifa halafu anafanya wa form four. Huko darasani atakuta wenzake wenye watoto, hataangaliwa na mtu.

wakili_bila_ofisi
Wote mmeruka kitu. Aliyempa mimba yuko wapi? Alikuwa mwanafunzi na ana miaka 15. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, na chini ya 18 tayari ni kosa la ubakaji hata wakisema walipendana.

mama_mdogo_AR
Wazee walishakaa. Upande wa kijana wametoa ng'ombe na wanasema wako tayari kumuoa mwaka huu. Mimi nilimchukua kuja huku ili hiyo ndoa ipoe. Sitaki polisi, mkimpeleka kijana polisi dada yangu ataishije pale bomani? Ni ukoo mmoja na mume wake. Nyie mtalala kwenu, yeye atabaki nao.

wakili_bila_ofisi
Mama mdogo naelewa hofu yako, ila hao wazee wanapanga kumuoza mtoto. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi ya vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15, na Mahakama ya Rufani ikabariki 2019 kwamba iwe 18. Nenda ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia la polisi hapo hapo Arusha, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Ukikaa kimya watakuja kumchukua kwako.

Jicho_Kali
Samahani wakuu naona tunapigwa chai hapa. Mwanzo aliacha sababu ya umbali, halafu mambo ya familia, halafu mtoto, halafu ng'ombe. Account ina wiki moja. Nimeshaona stori kama hizi, kesho inawekwa namba ya kutuma chochote kitu cha maziwa.

Boda_Sakina
Hata mimi nimeanza kujiuliza, kila comment inaongezeka kitu.

Kibosho_Juu
Jicho, mtu anaongea jambo la aibu ya nyumba yake ulitaka alimwage lote mstari wa kwanza? Mama yangu mpaka anakufa hajawahi kusema kwa nini dada hakusoma.

mama_mdogo_AR
Sijaomba hata mia na sitaomba, mods wafunge uzi nikitaja namba. Nimefungua account mpya kwa sababu ile ya zamani shemeji anaijua. Nilificha ili mnijibu kuhusu shule kwanza, kila mahali nikitaja mtoto watu wanaacha kuongelea shule. Na mmeona wenyewe.

mwl_wa_kata
Mimi namwamini, na hata angekuwa ametunga, wasichana wa aina hii ninao majina kwenye rejista zangu, jibu litamfaa mwingine. Mama mdogo, binti mwenyewe anasemaje?

mama_mdogo_AR
Nilikuwa sijamuuliza, kwetu mtoto haulizwi hivyo. Jana usiku nimemsomea haya mliyoandika, sehemu ya TEWW akanirudisha nisome tena. Akauliza vipindi vinaanza saa ngapi, na kama mtoto akiachwa kwa jirani unaruhusiwa kutoka kumnyonyesha. Hakuuliza kitu kingine. Mwalimu unajua muda wao?

mwl_wa_kata
Vituo vinatofautiana, nendeni ofisi ya TEWW ya mkoa mkaulize, mbebe cheti cha kuzaliwa na matokeo yake ya darasa la saba. Kama cheti kimebaki Longido anza kukifuatilia leo, hicho ndicho kinachochelewesha wengi.

wakili_bila_ofisi
Na ustawi mnapita siku hiyo hiyo. Hata kama hutaki kesi, waandikishe kwamba yuko kwako.

mama_mdogo_AR
Jumatatu tunaenda, nimeshamwambia jirani abaki na mtoto. Ustawi nitaingia mwenyewe kwanza nisikilize. Cheti kiko kwa dada, atakituma na gari za Namanga. Fundi amegoma kurudisha hela, amesema binti aje Jumamosi tu, na mimi nimekubali.

Jicho_Kali
Tupe mrejesho basi Jumatatu.

Boda_Sakina
Mkikosa usafiri mama mdogo semeni, niko Sakina, kwenda na kurudi sichukui hela.