Matoleo ya Jumapili: nani ahesabu, nani atunze? (falanga, dola na M-Pesa)

Shemasi wa Katuba
Bwana asifiwe, wapendwa. Kanisa letu liko Katuba, hapa Lubumbashi, waumini wazima kama 120. Matoleo yanakusanywa kwa vikapu viwili, yanapelekwa nyumbani kwa mchungaji, na jioni mtunza hazina anayahesabu peke yake. Hakuna aliyeshtakiwa kwa lolote, lakini minong'ono imeanza. Falanga za Kongo na dola zinachanganywa, na wengine wanatuma kwa M-Pesa kwenye namba ya mama mchungaji. Wazee wameniomba nipendekeze utaratibu. Naomba hatua zenyewe, maana mahubiri juu ya uaminifu tumeshasikia. Tena kuna mzee anasema 2 Wafalme 12:15 inaonyesha kwamba watu waaminifu hawadaiwi hesabu. Tumjibu nini?

Mhasibu Kamalondo
Amina, shemasi. La kwanza kabisa: fedha ihesabiwe kanisani, mara tu ibada inapokwisha, kabla haijavuka mlango. Kikapu kisibebwe na mtu mmoja hata kutoka madhabahuni mpaka chumbani.

Chagueni watu 8 au 9 wanaoaminika, wapokezane watatu watatu kila Jumapili, na wawili wa nyumba moja wasikae meza moja. Mchungaji hahesabu. Mtunza hazina naye hahesabu, anapokea tu. Mtu mmoja akihesabu, akaandika, akatunza, kosa likitokea hakuna njia ya kujua limetokea wapi, hata kama ni kosa la kawaida la noti mbili kushikamana. Na hapo atakayechafuliwa jina ni yeye, hata kama hana hatia.

Mezani pangeni noti kwa thamani, kuanzia za 20.000 mpaka za 50. Fungeni ishirini ishirini. Wa kwanza anahesabu, wa pili anahesabu upya bila kuambiwa jibu la wa kwanza, wa tatu anaandika wakipatana. Wakitofautiana, rudieni fungu lile tu. Noti za 100 na 200 zilizochakaa ndizo zinazosumbua zaidi, kwa hiyo zihesabiwe moja moja juu ya meza, zisipigwe mkononi.

Fomu iandike idadi ya noti, isiishie kwenye jumla. Mfano: 5.000 × 12 = 60.000, 1.000 × 37 = 37.000; 500 × 64 = 32.000, jumla falanga 129.000. Dola zina safu yake pembeni, na msizibadilishe kwenye fomu. Kiwango cha mbadilishaji wa leo si cha Alhamisi, na mkizigeuza kuwa falanga siku ile ile, hasara au faida ya kubadilisha inajificha ndani ya sadaka. Siku mtakayobadilisha, waende wawili, muandike dola zilizotoka, kiwango, na falanga zilizoingia.

Kuhusu dola zilizopasuka: mnazijua, noti yenye mpasuko mdogo tu pembeni inakataliwa sokoni au inanunuliwa kwa bei ya chini. Iandikwe kwa thamani yake kamili, pembeni muweke neno "mbovu". Ikiuzwa kwa pungufu, tofauti iandikwe kama hasara. Msiizibe kimya kimya kwa falanga.

Tumieni kitabu cha kaboni chenye kurasa zilizopigwa namba: nakala moja iende na fedha, moja kwa katibu, moja ibaki kitabuni. Ukurasa ukiharibika, andikeni "imefutwa" na muuache humo humo. Ukurasa uliochanwa unazaa maswali miaka mitatu baadaye.

Jambo moja linavunja utaratibu huu wote: kuchota kwenye kikapu kabla ya hesabu. Usafiri wa mhubiri mgeni, mafuta ya jenereta, maji ya wanakwaya, vyote vilipwe kutoka kese ndogo (fedha iliyotengwa kwa matumizi madogo), na kila kinachotoka humo kiandikwe.

Katibu wa Ruashi
Naongeza juu ya M-Pesa. Mbele ya kampuni ya simu, fedha ni ya yule aliyeandikishwa na kadi yake. Mama mchungaji akihama, akiugua au akifariki, kanisa litaomba fedha yake kwa familia. Kama kanisa lina hati zake, ulizeni wakala jinsi ya kufungua namba kwa jina la kanisa. Kama bado, nunueni laini mpya isiyopigiwa simu za nyumbani: mmoja ashike simu, mwingine ajue namba ya siri, na kutoa fedha kuwe kwa wote wawili wakiwapo.

Akaunti ya dola na ya falanga kila moja ina ukurasa wake. Kila Jumapili nakilini kwenye kaye (daftari) tarehe, namba ya muamala na kiasi kamili kilichoingia. Ada ya kutoa iandikwe kama matumizi. Ujumbe usifutwe.

Kuhama kutoka namba ya zamani kufanyike kwa heshima. Tangazeni namba mpya Jumapili nne, salio lihamishwe kwa karatasi iliyosainiwa na mama mwenyewe pamoja na wazee wawili, na ashukuriwe mbele ya kanisa. Mkikata ghafla, mtakuwa mmemhukumu bila kesi.

Mzee wa Kampemba
Mwambie mzee arudi nyuma mistari michache. Mstari wa 6 unasema mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa hawajatengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana, ndiyo maana utaratibu ukabadilishwa na kisanduku kikawekwa. Mstari wa 10: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja na kufunga mifukoni. Wawili, kutoka ofisi mbili. Wale wa mstari wa 15 ni wasimamizi waliowalipa mafundi, nao walikabidhiwa fedha iliyokwisha kuhesabiwa. Kisha msome naye 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo hakumtuma Tito peke yake, na mmoja wa wenzake alichaguliwa na makanisa.

Shemasi wa Katuba
Asanteni sana, baba zangu. Kina Mama na kwaya wana kese zao. Nazo ziingie humu?

Mhasibu Kamalondo
Wabaki nazo, ila watumie fomu ile ile na kitabu kiletwe kwa wazee kila miezi mitatu. Mkizichukua kwa nguvu watazificha. Fedha ya kanisa zima ilale kwenye sanduku la chuma lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na Jumatatu asubuhi iende benki na wawili. Bordero ya benki (karatasi ya kuweka fedha) ilingane na fomu mpaka falanga ya mwisho. Mwisho wa mwezi someni mbele ya waumini yaliyoingia, yaliyotoka na salio, kwa falanga na kwa dola. Majina ya watoa fungu la kumi yasisomwe. Bahasha ziwe na namba, na orodha ya namba akae nayo katibu.