Sehemu ilikuwa na watu 14, sasa ni 9, na sampuli zinakuja: tunashikaje moyo wa waliobaki?

SehemuYaUdongo:
Wadau, salaam. Nauliza kuhusu sehemu ya upimaji wa udongo katika shirika moja la serikali la kilimo hapa Nairobi. Watatu wamehamishwa, wawili wamestaafu kwa kufikisha miaka 60. Mkurugenzi ni mpya, mkuu wa sehemu ni kaimu, na minong'ono ya kuunganishwa na shirika jingine haikomi kantini. Wakulima huleta udongo kwa wingi Januari na Februari ili wapate majibu kabla ya mvua ya masika, kwa hiyo hakuna muda wa kusubiri mambo yatulie. Naomba mbinu za vitendo. Hotuba za kutiana moyo zimeshatolewa mbili na watu walirudi kwenye meza zao vilevile.

Makabidhiano:
Anzeni na wanaoondoka. Kiti kitupu huzoeleka kwa wiki moja. Kinachochosha roho ni simu ya mkulima wa Kinangop anayedai majibu ya sampuli ambayo hakuna anayejua iko rafu gani.

Mwenye barua ya uhamisho akae na anayempokea siku kumi za kazi, meza moja. Ripoti ya makabidhiano isizidi kurasa tatu na iseme kazi zilizo hai tu: sampuli zilizopokelewa na hazijapimwa, matokeo yaliyo tayari na hayajatumwa, vifaa vilivyoazimwa, funguo, na nambari za simu za maafisa wa ugani (washauri wa wakulima) wa kaunti. Nambari hizo hupotea karibu kila mara kwa kuwa zimo kwenye simu ya mtu binafsi. Tangu ugani uhamie kaunti mwaka 2013, mnawategemea maafisa hao kuwafikia wakulima, basi ziandikwe kwenye daftari la sehemu. Neno la siri lisirithishwe. Watu wa kompyuta wafunge akaunti ya zamani na kufungua mpya, la sivyo majibu yatatoka kwa jina la mtu ambaye hayupo, na yakiwa na kosa hakuna wa kulijibia.

Halafu masurufu, yaani fedha za safari ambazo mtu hupewa mapema. Kanuni za fedha za umma za 2015 zinataka hesabu ya masurufu ya safari irejeshwe ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Aliyehamishwa huku stakabadhi zikiwa bado kwenye droo hukatwa mshahara, na habari hiyo hufika kwa waliobaki siku hiyohiyo. Afisa wa hesabu akague jambo hili kabla barua ya kumwachilia haijatiwa sahihi.

Tathmini ya utendaji nayo husahaulika sana. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mkuu akiondoka mwanzo wa Novemba bila kuandika tathmini ya miezi minne, kaimu atampima mtu ambaye hakumwona akifanya kazi. Kwa mfanyakazi hodari hilo huuma kuliko uhamisho wenyewe.

BenchiYaMaabara:
Naunga mkono, na naongeza: punguzeni kazi kwa maandishi. Watu 9 wakiachiwa malengo ya watu 14, kila Ijumaa watajiona wameshindwa, hata wakifanya vizuri. Kaimu aende kwa mkurugenzi na karatasi moja yenye idadi ya sampuli kwa wiki, wanaopima, na vipimo vitakavyosimama kwa muda. Malengo mapya yatiwe sahihi. Kisha kaunta ya mapokezi ibandikwe muda halisi wa majibu. Kama wiki mbili zimekuwa nne, andikeni nne. Anayepokea sampuli ndiye hutukanwa kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Pili, kila kipimo kijulikane na watu wawili. Siku ya kwanza anayejua anapima, mwenzake anaandika hatua. Siku ya pili wanabadilishana. Siku ya tatu mgeni anapima peke yake sampuli ya marejeo ambayo jibu lake linajulikana, na jibu lake likilingana, jina lake linaingia kwenye orodha ya wenye idhini. Usiruke siku ya tatu. Hapo ndipo mtu anapojiamini, na ndipo makosa hujulikana mapema.

Angalieni hasa kazi ndogo alizokuwa akifanya aliyestaafu bila kuagizwa. Mfano ni kusawazisha kipima pH (kifaa cha kupima asidi ya udongo) kila asubuhi kwa vimiminiko vya pH 4 na 7. Akiondoka, hakuna anayeona pengo. Kifaa kinaanza kupotoka polepole, udongo wenye 5.8 unasomeka 5.2, na mkulima anashauriwa kununua chokaa ya kupunguza asidi asiyoihitaji. Bandikeni hatua ukutani juu ya kifaa, na daftari la sahihi pembeni. Kukausha udongo, kuuponda na kuupitisha kwenye chekeche ya milimita 2 si lazima mkemia. Wapeni wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazini, wakisimamiwa, kwa sababu lebo zikichanganyika hapo hakuna mashine itakayorekebisha.

HakiKazini:
Kuhusu minong'ono ya kuunganishwa. Msiwaambie watu kwamba haya ndiyo mabadiliko ya mwisho. Sheria za 2013 zilikusanya bodi za kahawa, chai, sukari na nyingine chini ya mamlaka moja ya kilimo na chakula. Sheria ya Chai ya 2020 ikairudisha Bodi ya Chai, na ile ya Sukari ya 2024 ikairudisha Bodi ya Sukari. Wafanyakazi wanakumbuka.

Wapeni vitu vya kushika. Kila mtu aombe kuona faili lake masijala na ahakikishe ndani yake kuna barua ya kwanza ya ajira, barua za kupandishwa cheo, na kumbukumbu za likizo. Barua ya kuhamia shirika jipya ikija, atazame mambo manne: cheo, mshahara, tarehe ya kwanza ya ajira, na pensheni. Tarehe ya ajira ikianza upya, asitie sahihi kabla ya kuuliza kwa maandishi. Na wengi huchanganya uhamisho na kupunguzwa kazi. Kupunguzwa kuna kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007: notisi isiyopungua mwezi mmoja, na fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili wa kazi.

Kaimu naye, Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inataka ukaimu uwe siku 30 au zaidi na usizidi miezi 6. Tarehe ya mwisho iandikwe wazi, ili sehemu ijue uamuzi unatakiwa lini.

SehemuYaUdongo:
Ahsanteni sana. Swali moja: kaimu akisikia jambo ambalo bado si rasmi, awaambie watu?

HakiKazini:
Asiseme mpaka barua ije. Akikosea mara moja, hawatamwamini tena.

Makabidhiano:
Hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Kukaa kimya ndiko kunakolisha kantini. Kila Jumatatu saa mbili na nusu, dakika 15, aseme yaliyoandikwa, ataje swali ambalo bado halina jibu na ofisi iliyoulizwa, kisha aseme tarehe atakayorudi nalo. Wiki isiyo na jipya, kikao kifanyike vilevile na aseme hakuna jipya. Yaliyosemwa yabandikwe ubaoni, ili aliyekuwa Embu kuchukua sampuli asiyapate kwa mdomo wa tatu.