Walezi wa utafiti wanaokula jasho la wanafunzi wa udaktari: hapa Mombasa tumechoka!

Wanajamvi, leo nimekasirika na sitaficha. Mwenzangu amenitumia picha ya bango lililobandikwa kwenye kongamano la madaktari. Mada ni ile tuliyoitunga pamoja na mlezi wangu wa utafiti, na majedwali ni yale yale niliyoyachora mimi. Juu kuna majina sita. Langu halimo! Limo la daktari mmoja ambaye siku zote za kazi ile hakutia mguu kwenye stoo ya mafaili.

Utafiti wenyewe ulihusu vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari. Ambao hamjawahi kuingia stoo ya mafaili ya hospitali kwa joto letu hili la Januari, nisikizeni. Mafaili yamefungwa kwa kamba, mengine yameliwa na unyevu. Tarehe ya kulazwa unaiona, ya kuruhusiwa haipo. Kipimo cha sukari kimeandikwa pembeni kwa penseli. Unapekua karatasi mojamoja ujue mguu ulikatwa kidoleni au chini ya goti, maana huyo ni mtu na hutaki kumwandika visivyo. Kazi hiyo niliifanya mimi, jioni baada ya wodi.

Nilipomuuliza mlezi wangu, jibu lake lilikuwa: "Wewe ulikusanya data tu." Tu!

Basi mwongozo upo, na yeye anaufahamu kuliko mimi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi, kupata data au kuzichambua, ashiriki kuandika rasimu au kuihakiki, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Lazima yote manne. Lakini mwongozo huo huo unasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki yanayobaki. Yaani huruhusiwi kumfungia mtu mlango wa kuandika, kisha umwambie hastahili kwa kuwa hakuandika. Na kutafuta pesa peke yake, au kuwa mkuu wa idara peke yake, hakumfanyi mtu mwandishi.

Hasira yangu nyingine ni kwa chuo. Majina ya walezi yanabandikwa ubaoni, unapangiwa wako, basi. Hakuna anayeuliza huyu ana wanafunzi wangapi tayari, wa mwisho waliishia wapi, kama anajibu barua pepe. Halafu mtu huyo huyo ndiye atakayesimama kando ya kitanda siku ya mtihani wa wodini kukuuliza dalili za mgonjwa. Nani atathubutu kumdai aliandike jina la mwanafunzi? Ndiyo maana wengi wetu tunanyamaza, na wao wanajua tutanyamaza.

Wadogo zangu wa mwaka wa pili na wa tatu, msibabaishwe na uprofesa. Ingieni PubMed, ile tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa tiba, andikeni jina la mlezi, mtazame kama kuna makala ambayo mwanafunzi wake ndiye jina la kwanza. Kisha watafuteni hao wanafunzi, muwaulize faraghani: alisoma rasimu? Alizirudisha baada ya muda gani? Alikufundisha takwimu au alikutupia Excel? Mimi nimeona madaktari vijana, bado wako kwenye masomo ya ubingwa, wanakaa na mwanafunzi mpaka usiku wakimwonyesha jinsi ya kuandika maombi ya kamati ya maadili. Hao hawana ofisi yenye kapeti, lakini ndio walezi.

Na suala la majina lizungumzwe kabla hujafungua faili la kwanza, liwekwe kwenye barua pepe. Akichukia kuulizwa, ondoka mapema.

Tusiambiwe eti Pwani hakuna utamaduni wa utafiti. Kilifi hapo juu tu, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust kipo tangu 1989. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo WHO iliipendekeza kwa watoto mwaka 2021, Kilifi ilikuwa moja ya sehemu ilikojaribiwa. Kazi kubwa kama hiyo ina orodha ndefu ya waandishi na hakuna aliyepungukiwa. Iweje bango moja la vidonda vya miguu likose nafasi ya jina la saba?

Barua yangu imeshapokelewa na kupigwa muhuri ofisi ya mkuu wa kitivo, pamoja na nakala za rasimu zenye tarehe. Kama nawe umefanyiwa hivi na bado una barua pepe zako, nitumie ujumbe wa faragha. Usitaje jina la mtu hapa uzini. Tutazipeleka pamoja.