Tupeane uzoefu: upele na miwasho ya ngozi, uliupata wapi na uliutoaje?

Kibarua wa Mabibo
Wakuu, habari za usiku. Nauliza usiku kwa sababu ndio muda wenyewe. Mchana najikuna kistaarabu, ila taa ikizimwa tu kazi inaanza: katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni mkanda unapokaa, na kule ambako mwanaume hajikuni mbele za watu. Tumepanga chumba watatu. Mmoja alirudi kutoka machimboni akijikuna, tukamcheka. Sasa hatucheki. Duka la dawa wamenipa sabuni na vidonge vya aleji. Usingizi napata, mwasho uko palepale. Aliyepita njia hii aje aseme. Wale wa "oga vizuri" naomba mpite kando, naoga mara mbili kwa siku.

Mzee wa Deka
Karibu chamani mkuu. Mimi niliupata kidato cha pili, shule ya bweni Kanda ya Ziwa. Vitanda havitoshi, tunalala wawili wawili mzungu wa nne. Shuka tunaazimana, sweta tunaazimana. Ulipoingia hakuna aliyesema, maana mwenye upele anaitwa mchafu. Kila mtu alikwenda kujikunia chooni.

Matroni alipogundua, aliwatoa waliozidiwa, akawapaka ile dawa nyeupe ya BBE, wakarudi bwenini. Baada ya wiki chache wako vilevile. Watarudije wazima na wenzao wa kitandani hawajapakwa? Ulikuja kuisha siku tabibu wa zahanati alipotoa amri: bweni zima, jioni moja, shingoni hadi nyayo, hata asiyejikuna, kila mtu ampake mwenzake mgongo. Ilichoma! Waliokuwa wamejichubua kwa kucha walicheza ngoma isiyo na mpigaji. Asubuhi magodoro yote juani, shuka zikachemshwa kwenye masufuria makubwa ya jikoni. Muhula ule tulilala.

Nesi wa Zamu
Tabibu huyo alijua kazi yake. Niongezee kidogo, maana humu kuna watu wanafikiri upele unatoka kwenye damu chafu.

Ni mdudu wa jamii ya utitiri, mdogo kiasi kwamba kwa macho humwoni. Jike anachimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili matatu kwa siku. Kinachowasha ni mwili kumkataa yeye, mayai yake na kinyesi chake. Ndiyo maana anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hadi sita bila kujikuna, na muda wote huo anaambukiza. Akiupata tena, ndani ya siku moja hadi nne tayari anawashwa.

Kusalimiana mkono haraka haraka si rahisi kukupa. Unahitaji mgusano wa muda: kulala pamoja, kubeba mtoto, kujamiiana. Maji na sabuni havimtoi, kwa hiyo ndugu mleta mada yuko sahihi, si suala la kuoga. Akiwa nje ya mwili hufa baada ya siku mbili tatu. Fua kwa maji ya moto nguo na shuka za siku za karibuni, anika juani. Visivyofulika fungia kwenye ndoo yenye mfuniko, uviache hata wiki.

Dawa zipo: BBE, krimu ya permethrini ya asilimia 5, vidonge vya ivermektini vinavyopimwa kwa uzito wa mtu. Mjamzito na mtoto wa chini ya kilo 15 hawapewi vidonge hivyo, na BBE ya mtoto huzimuliwa, kwa hiyo wapelekwe kituo cha afya. Kwa kawaida dawa hurudiwa baada ya wiki hivi, kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Halafu sikieni hili: mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa. Wengi hapo ndipo wanapojipaka kila usiku mpaka ngozi inaungua.

Wa Kisauni
Mie yangu ni ya babu. Alipopooza alikuwa halali peke yake, dada wa kumuangalia alikuwa chumba kimoja naye. Mikono ya babu ikaanza kufanya maganda manene, sisi twasema uzee huo, twampaka mafuta ya nazi. Yeye mwenyewe hata hakuwa ajikuna sana. Lakini kila dada aliyekuja aliondoka na mwasho. Wa kwanza tukasema kaja nao. Wa pili tukasema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa na ulimi, akatwambia waziwazi: ugonjwa u hapa kwenu.

Daktari alikwangua ganda moja akaliweka kwenye hadubini. Yakhe, alivyotwita tutazame! Akatueleza kwamba mtu wa kawaida mwenye upele huwa na wadudu kama kumi hadi kumi na tano mwili mzima, ila mzee au mgonjwa aliyepungukiwa kinga aweza kufuga maelfu, na ngozi ndiyo hufanya maganda hayo. Babu alipewa vidonge na ya kupaka kwa pamoja, kwa awamu kadhaa, nasi nyumba nzima tukatibiwa. Wale dada wawili wa mwanzo mama aliwapigia simu kuwataka radhi na kuwatumia pesa ya dawa.

Mama Wawili
Wangu ulikuwa si upele na hilo ndilo lililonitesa. Kijana wangu mdogo alikuwa anajikuna nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko hadi damu. Jirani: upele. Shangazi: upele. Duka la dawa: upele. BBE juu ya BBE, ngozi ikakauka na kupasuka.

Tukaja kuangukia kwa tabibu wa ngozi aliyesomea hospitali ya KCMC Moshi, pale wanakofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Swali lake la kwanza halikuhusu mtoto. Aliuliza, "Nyumbani nani mwingine anajikuna?" Hakuna, na mtoto analala na kaka yake kitanda kimoja. Akauliza kama kuna mwenye pumu kwenye ukoo. Baba yake anayo. Ilikuwa ukurutu (eczema), hauambukizi. Sasa hivi anaoga haraka, sabuni isiyo kali, na kabla mwili haujakauka nampaka mafuta ya mgando. Kuna krimu ya hospitali kwa siku zile mbaya tu. Hauishi moja kwa moja, ila analala.

Binti Uyole
Dada, afadhali wewe. Mimi niliuziwa krimu ya mchanganyiko, ile inayotibu "kila kitu". Siku za mwanzo mwasho ukanyamaza, nikaisifia mpaka ofisini. Kumbe ndani yake kuna steroidi: inazima mwasho, wadudu wanaendelea kutaga. Vipele vikapanda mpaka kifuani na havikufanana tena na upele, hata daktari alihangaika kuvitambua.

Fundi Pikipiki
Mafuta ya taa je? Mzee wangu alitupaka tukapona.

Nesi wa Zamu
Mlipona kwa bahati, kaka. Yanaunguza ngozi, mtoto akivuta mvuke wake au kuyanywa ni hatari, na kuna waliopakwa wakasogea jikoni. Na vidonda vya kujikuna vikipata usaha si vya kupuuza, bakteria wake huweza kudhuru hata figo.

Mpemba Asilia
Kwetu Zanzibar tangu 2001 watu walikuwa wakigaiwa ivermektini na albendazo kwa ajili ya matende, kisiwa kizima, nyumba kwa nyumba. Waliomeza wengi walidhani ni matende tu, lakini kwenye vituo vya afya wagonjwa wa upele nao walipungua sana. Hapo ndipo ninapomuelewa yule tabibu aliyeamuru bweni zima lipakwe. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Sisi tunaojikuna hatukuwahi kuusahau.

Kibarua wa Mabibo
Nimewasoma wote, shukrani. Nimeongea na wenzangu. Wa machimboni amekubali. Wa tatu anagoma, anasema yeye hawashwi, tusimpake aibu yetu.

Mzee wa Deka
Msomee ile ya wiki mbili hadi sita. Akigoma tena, ahamishe godoro.

Kibarua wa Mabibo
Amesoma. Kanyamaza, ila naona ameanza kujikuna shingo. Jumapili tunapakana wote. Swali la mwisho: nina mchumba Mbagala, huja wikiendi. Naye anahusika?

Nesi wa Zamu
Anahusika, hata kama hajikuni. Na anayelala naye kitanda kimoja huko kwao.

Kibarua wa Mabibo
Analala na mama yake.

Fundi Pikipiki
Mkuu, hiyo simu ya kwa mama mkwe ukishapiga, rudi utupe uzoefu.