Kompyuta ya mezani inaganda kila siku, na ndani yake kuna sauti za marehemu baba

Swali

Wakuu, habari za leo. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i3-2100, RAM mbili za 2GB kila moja na diski (hard disk) ya 500GB. Ninayo tangu 2012, na diski ni ile ile iliyokuja nayo. Ina Windows 10.

Inaganda. Ilianza mara moja kwa wiki, sasa siku haipiti bila kuganda mara mbili tatu. Nimepuliza vumbi, nimesafisha feni, nimeondoa programu nisizozitumia, nimetafuta virusi sijaona kitu. Inaganda nikiwa naandika, nikiwa nasikiliza kitu, hata nikiwa nimeiacha tu haina kazi. Nashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, naiwasha tena, inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Humo ndani nina rekodi za marehemu baba zenye urefu wa saa kumi na moja. Nilimrekodi mwenyewe miaka miwili kabla hajafariki, akisimulia maisha yake tangu utotoni. Nazisikiliza na kuziandika neno kwa neno, nimefika saa ya nne. Jana iliganda baba akiwa katikati ya sentensi, spika ikabaki inarudia silabi moja, "nda-nda-nda-nda", mpaka nilipoizima. Nilishindwa kabisa kuendelea na kazi siku hiyo. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Piga Windows upya. Mashine ya umri huo yenye RAM ya 4GB lazima ielemewe na Windows 10. Fomati, anza upya, utaona inavyokuwa nyepesi.

Jibu la pili

Mkuu, pole sana kwa kumpoteza mzee. Tafadhali usifomati chochote.

Kompyuta iliyoelemewa hutambaa. Inakuwa nzito, inakuchosha, lakini inafika. Hii yako inasimama kabisa, na hilo ni jambo jingine.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, toa rekodi za mzee humo leo hii. Ziweke kwenye flashi na kwenye kifaa kingine cha pili. Ukikuta faili linakwama, liruke uchukue mengine, usilirudie-rudie. Na Windows ikitaka kukagua na kurekebisha diski, kataa kwanza. Amri ya chkdsk /r inapekua diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski iliyochoka inaweza kukata roho katikati ya safari hiyo. Nimeshaona watu wakipoteza kila kitu namna hiyo, wakidhani wanatibu.

Ukishamaliza hilo, nataka uiangalie vizuri inavyoganda. Ikiganda tu, usikimbilie kitufe. Bonyeza Caps Lock mara kadhaa uangalie kitaa chake kwenye kibodi. Kikiwaka na kuzima, moyo wa mfumo bado unapiga, kuna kitu unakisubiri, na mara nyingi kitu hicho ni diski. Kikigoma kabisa, kila kitu kimesimama: hapo shuku RAM, pawa saplai, mazabodi, joto au draiva. Tazama pia taa ya diski kwenye kasha, inawaka moja kwa moja au imezima?

Ile "nda-nda-nda" inaeleza mengi. Kadi ya sauti inasoma tena na tena kipande kidogo cha mwisho ilichopewa, kwa sababu hakuna anayeiletea kingine. Weka na CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, utuambie inasema nini.

Muulizaji

Asante sana, mkuu. Nimekaa nayo siku mbili na daftari pembeni, na nimegundua kumbe inaganda kwa namna mbili, mimi nilikuwa nazichanganya.

Namna ya kwanza: mausi inatembea, Caps Lock inaitika, ila hakuna dirisha linalofunguka. Taa ya diski inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Nikivumilia kama dakika moja, inaachia yenyewe. Namna ya pili ndiyo ile ya sauti: mausi imekufa, Caps Lock haiitiki, taa ya diski imezima. Hiyo haiachii hata ukisubiri nusu saa.

CrystalDiskInfo imeweka rangi ya njano. Mstari wa C5, ule wa sekta (vipande vidogo vya diski) zenye mashaka, unaishia na 18. Sekta 18 ni nyingi?

Rekodi zilikuwa faili 14. Kumi na tatu zimetoka salama, nimeziweka sehemu mbili. Moja imekwama kwenye asilimia 71, na ni ile ya saa ya tano, ambayo sijaiandika hata neno. Nimefuata ulivyosema, sikuigusa tena.

Jibu la pili, tena

Umefanya vizuri mno kuiacha. Basi una magonjwa mawili kwenye mgonjwa mmoja, ndiyo maana dawa moja haikusaidia.

Tuanze na diski. Programu ile huandika namba hizo kwa hexadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, isipobadilishwa, kwa hiyo 18 unayoiona ni 24 ya kawaida. Ni sekta 24 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inangoja kuamua la kufanya nazo. Kila ikikanyaga mojawapo inajaribu, inarudia, inajaribu tena, na muda wote huo Windows imesimama mlangoni inasubiri. Ndiyo dakika yako hiyo. Idadi yenyewe hainitishi, ila diski iliyoanza hivi mimi siiamini tena.

Tafuta SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, isiyopungua ukubwa wa hiyo diski. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, uhamishe diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na usisahau faili lake la ramani, linaloandika ilipofikia. Uzuri wake ni kwamba inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, kisha ndiyo inarudi kwenye zile ngumu, na ukikatiza inaendelea ilipoishia. Hakikisha mara tatu diski ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea. Ukizigeuza, umefuta kila kitu.

Namna ya pili ipime kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa hata moja tu halikubaliki.

Jibu la tatu

Niongezee kidogo hapo kwenye RAM. Makosa yakitokea usikimbilie kusema RAM ni mbovu. Pima moja moja, halafu uzibadilishe sloti, yaani sehemu zinapochomekwa. Makosa yakifuata RAM, tatizo ni RAM. Yakibaki kwenye sloti, RAM yako ni nzima. Chomoa waya wa umeme kwanza, na ushike chuma cha kasha kabla hujagusa chochote ndani.

Muulizaji

Wakuu, nimerudi.

Memtest86+ ilitoa mistari myekundu kabla hata ya nusu saa. Nikapima moja moja kama nilivyoelekezwa. RAM zote mbili ni nzima zikikaa sloti ya kwanza. Yoyote nikiiweka sloti ya pili, makosa. Nilimulika tochi ndani ya ile sloti nikaona uzi mwembamba wa kijivu umelala juu ya pini, kama utando wa buibui uliokamata vumbi. Kupuliza kwangu kote hakukuufikia, kwa sababu RAM ilikuwa imekaa juu yake. Nimeutoa kwa brashi laini, nikafuta miguu ya RAM kwa kifutio, nikarudisha zote mbili. Usiku mzima, sifuri.

ddrescue ilichukua karibu siku nzima. Sehemu kubwa ilipita mapema, kisha ikakaa saa nyingi kwenye vipande vichache huku diski ikitoa mlio kama mtu anayekwaruza kucha kwenye bati. Mwisho zilibaki sekta tatu tu ambazo hazikusomeka, yaani baiti 1,536. SSD sasa iko ndani, na leo ni siku ya tisa haijaganda hata mara moja.

Na lile faili la saa ya tano limefunguka. Nimelisikiliza lote. Kuna mahali baba anasimulia alivyofundishwa kuogelea na kaka yake, na katikati ya jina la kaka yake inasikika "tik" moja ndogo, kama kijiti kikivunjika. Nimepiga hesabu, sekta zile tatu ni chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Jina linasikika vizuri kabisa. Nimeshaliandika.